Trofi za mwenye kibanda

Kama hujawahi kushika pedi ya PlayStation, nikueleze kwanza trofi ni nini, maana bila hilo utashangaa mtu mzima kukaa chini kuandika makala nzima juu yake. Unacheza gemu yako. Umefanya jambo fulani ambalo watengenezaji walilipanga tangu mwanzo: umefunga mabao matatu kwenye mechi moja, umemaliza sura ya pili, umegundua pango lililofichwa. Basi juu ya kioo kinachomoza kibao kidogo, na mlio mwembamba kama wa kijiko kugonga glasi. Ting. Kibao kinakwambia umepata trofi ya shaba, ya fedha au ya dhahabu. Ukimaliza zote, kwa gemu kubwa, unapewa ya mwisho kabisa, platinamu. Huwezi kuiuza. Haikuongezei nguvu wala risasi. Inaandikwa tu kwenye akaunti yako, na tarehe na saa yake, inakaa hapo.

Kwenye akaunti yako. Naomba uyashike maneno hayo.

Kwetu Matema, pale Ziwa Nyasa linapokutana na Milima ya Livingstone, kulikuwa na kibanda cha gemu ukutani kwa kibanda umiza, njia ya kuelekea Lyulilo. Mabati juu, mabati pembeni, mabenchi mawili, televisheni moja, PS4 moja iliyotoka Dar ikiwa imeshatumika. Mechi moja ya mpira shilingi 200 kila mmoja, anayefungwa anapisha. Ukitaka kucheza peke yako unalipia kwa saa, shilingi 1,000. Ndani ya mashine kulikuwa na akaunti moja tu, ya mwenye kibanda, yenye jina lake na picha ya simba.

Sasa fikiria maana yake. Waliobuni trofi walikuwa na picha ya mtu mmoja, chumba kimoja, mashine moja, intaneti inayotiririka kama maji ya bomba. Hawakuwa na picha ya vijana arobaini kwenye benchi la mbao wakisubiri zamu. Trofi ikishatoka kwenye akaunti, imetoka, haitoki tena. Kijana wa kwanza kufunga mabao matatu alisikia ting. Wote waliofuata, na ni wengi, walifunga matatu yao, wakashangilia, kioo kikanyamaza. Na ile ting ya kwanza yenyewe iliandikwa kwa jina la mtu aliyekuwa amekaa nje anahesabu chenji.

Wenyewe hawakulilia jambo hilo, kusema kweli. Walikuwa na hesabu zao. Kwenye kipande cha plywood nyuma ya mlango waliandika kwa chaki nani kamfunga nani tano bila, nani amekaa kwenye benchi mechi saba mfululizo bila kupisha. Kuna mmoja aliitwa Lango mwaka mzima kwa sababu ya magoli aliyofungwa Jumamosi moja. Hizo ndizo zilikuwa tuzo na adhabu, na zilitolewa na watu waliokuwepo.

Historia ya tuzo hizi, kwa anayependa historia, ni ndefu kuliko mashine zenyewe za siku hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Marekani ya Activision ilikuwa inawatumia wachezaji beji za kitambaa. Ukifikisha alama walizoweka, kwa mfano 20,000 kwenye Pitfall!, gemu iliyotoka 1982, unapiga picha kioo cha televisheni yako kwa kamera ya filamu, unasafisha picha, unaitia kwenye bahasha, unapeleka posta. Baada ya muda barua inarudi na kitambaa cha kushona kwenye koti. Napenda sana habari hii. Kulikuwa na mtu upande wa pili aliyeifungua bahasha akaitazama picha. Mwaka 2005 Microsoft ilipotoa Xbox 360 ikaliweka jambo hilo ndani ya mashine yenyewe, kila gemu na tuzo zake, na alama zinazojumlishwa maisha yako yote. Sony ikafuata na trofi mwaka 2008 kwenye PS3. Tangu hapo hakuna anayefungua bahasha. Mashine inajipongeza yenyewe kwa niaba yako.

Nintendo, kwa mashine yao ya Switch, hawakuweka mfumo huo kabisa, na wana utani wao. Kwenye Zelda ya 2017, ile Breath of the Wild, kuna mbegu 900 zimefichwa nchi nzima, chini ya mawe, juu ya miti. Ukizipata zote 900 unazawadiwa kitu cha rangi ya dhahabu chenye umbo la kinyesi. Ndiyo, kinyesi. Waliomaliza wengine walicheka, wengine walikasirika, na mimi naona hakuna mhakiki aliyewahi kuandika vizuri zaidi juu ya suala hili.

Nije kwa mpwa wangu.

Dada yangu alinipigia Dar, mwaka juzi, mwezi wa pili. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka wiki chache nyuma. Kijana wake alipata ziro. Dada huwa halii kwenye simu, anaongea haraka tu. Akasema, "Mdogo wangu, huyu mtoto alikuwa haendi kusoma. Alikuwa anashinda kwenye gemu. Njoo uongee naye, wewe ndiye unayeyajua hayo madude." Maneno ya mwisho yalikuwa na mwiba, maana nyumbani kwangu ninayo PS4 na dada ameiona. Nikapanda basi mpaka Kyela mjini, nikashika gari la Ipinda, nikafika Matema jioni.

Kijana alikuja kunisalimia kichwa chini. Shikamoo mjomba, marahaba. Tukaenda kukaa ufukweni, mitumbwi imeshavutwa mchangani, kina mama wanageuza usipa kwenye vichanja. Sikuanza na ziro. Nilimuuliza alikuwa anacheza nini. Nilitegemea aseme mpira. Akatoa simu, akanionyesha picha.

Picha ilikuwa ya televisheni ya kibandani, imepigwa kwa pembeni, mwanga wa mlango umeikata katikati. Pembeni ya kioo kuna kile kibao. Platinamu ya God of War, ile ya 2018.

Kwa wasioijua: ni hadithi ya baba na mtoto wa kiume wanaobeba majivu ya mama aliyefariki, kuyapeleka kwenye kilele cha juu kuliko vyote, kama alivyousia. Ni gemu ndefu. Kuitafutia platinamu ni ndefu zaidi, maana lazima uwapige Valkyrie wote tisa, wanawake wapiganaji wenye mabawa, na wa mwisho, malkia wao Sigrun, amewafanya watu wazima wenye mishahara watupe pedi ukutani. Ninawajua watu hao. Mmoja wao ana mpwa Matema.

"Sigrun umempiga wewe?"

"Nimempiga mjomba. Wiki tatu."

Akanieleza. Diski ilikuja pamoja na mashine, hakuna aliyeitaka, kwa sababu haichezwi wawili na maneno yake yote ni Kiingereza. Yeye alipatana na mwenye kibanda: anafika saa moja asubuhi kabla ya wateja, anafagia, anachota maji, naye anacheza saa moja bure. Saa nyingine alilipia kwa hela za kubeba magunia ya mpunga na kakao. Daftari lake la hesabu, lile la shule, kurasa za nyuma lilikuwa na orodha ya kunguru 51 wa Odin, wapi kila mmoja alipo, amewakata kwa peni mmoja mmoja. Masika umeme ulikatika karibu kila siku, ukirudi anaanza pale mashine ilipokumbuka. Jumla aliandika saa sabini na kitu. Ile wiki ya tatu ya Sigrun, vijana wa mpira walianza kukatisha mechi zao wenyewe kumtazama. Mtu amelipa mia mbili yake anasema, aah, kwanza huyu amalizane na huyo mama. Siku alipoanguka Sigrun, anasema, walitoka nje na benchi.

"Na ting?"

"Ilitoka mjomba. Ya mwenye kibanda."

Alisema bila kinyongo. Aliyeumia ni mimi.

Nilichokuwa nimetumwa kusema nilikuwa nacho tayari tangu kwenye basi. Kwamba trofi ni ndoano. Kwamba wanaotengeneza gemu wanajua binadamu hapendi kuacha orodha nusu, kwa hiyo wanakupa orodha. Kwamba kuna wanaouza gemu za bei ya chini kabisa ambazo kazi yake pekee ni kukupa platinamu ndani ya dakika chache, na zinanunuliwa. Haya yote ni kweli na bado nayaamini. Kuna utafiti wa 1973 wa Lepper, Greene na Nisbett ambao huwa naukumbuka kila ninapoisikia ting. Walichukua watoto wa chekechea pale Stanford waliokuwa wanapenda kuchora. Kundi moja wakaahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo watachora. Wengine hawakuahidiwa kitu, na baadhi ya hao walipewa cheti baadaye, kwa kushtukizwa. Wiki moja au mbili baadaye, walioahidiwa walikuwa wanachora nusu hivi ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Cheti kile kile, karatasi ile ile; kilichoharibu ni kukijua mapema.

Nimeliona hilo kwa watu wazima. Chumba cha habari nilichowahi kufanyia kazi, ambacho sitakitaja, kiliweka skrini ukutani ikionyesha habari kumi zinazosomwa zaidi saa hiyo, na jina la mwandishi mbele ya kila moja. Mwezi wa kwanza tulicheka. Mwezi wa tatu jamaa aliyekuwa akiandika vizuri sana juu ya bei ya kakao alikuwa anaandika juu ya ndoa za wasanii. Hakuna aliyemwambia aache kakao. Ile skrini ilimwambia.

Kwa hiyo hoja ninayo. Lakini nikiwa pale mchangani niliona haimhusu mtoto huyu. Hoja inasema tuzo ya nje inaua hamu ya ndani. Huyu tuzo ya nje hakupewa hata moja. Alijua kabisa, tangu kunguru wa kwanza, kwamba trofi itaandikwa kwa jina la mwenye kibanda, na akaendelea mpaka wa hamsini na moja. Orodha ya watengenezaji aliitumia kama sisi tulivyotumia ramani: kujua kwamba nyuma ya ule mlima kuna kitu. Na hapo ndipo trofi zina thamani ninayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote, dada yangu akiwemo. Gemu nzuri huwa na vyumba vingi kuliko unavyohitaji kupita ili umalize. Trofi ni mtu amesimama mlangoni anakwambia, ingia na huku.

Ile ziro ipo pale pale, usinielewe vibaya. Saa sabini ni saa sabini. Ila nilimuuliza shuleni kuna kitu gani alichowahi kukirudia wiki tatu mpaka kikafa, akafikiri kweli, akasema hakuna, kwa sababu shuleni ukikosea mara moja wanapita somo linalofuata. Sigrun anakuua, anakusubiri. Kakuua mara mia mbili, bado yupo, sheria zake hazijabadilika. Sijawahi kusikia mtu akielezea subira namna hiyo, na nimehoji wakuu wa idara.

Mama yake aliuliza swali tofauti usiku ule, tunakula wali na usipa. "Hiyo trofi, wanamjua nani kwamba anayo?" Nikajibu vijana wote wa hapa wanajua. Dada akasema, "Basi ana bahati. Mimi nimelima mpunga miaka ishirini, nani anajua?" Akaendelea kula.

Hilo la nani anajua lilinirudisha kwenye kitabu nilichosoma chuoni bila hamu, Good Company cha Monica Wilson, cha mwaka 1951, kilichotokana na utafiti wake wa miaka ya 1930 kwa Wanyakyusa, yaani kwa mababu zangu, Rungwe na bondeni huku. Anaeleza vijiji vya marika. Mvulana akifika miaka kumi au kumi na moja hivi, anaondoka kwa baba yake, yeye na wenzake wanajenga vibanda vyao pembeni na kulala huko. Kula wanarudi kwa mama zao. Nilipoisoma sentensi ile mara ya pili nilicheka mwenyewe kwenye kiti, maana ni kibanda cha gemu hicho, sahani ya wali na yote. Neno analoliweka katikati ya kitabu ni ukwangala, ile raha ya kukaa na kuongea na wenzako wa rika lako. Kwa wazee wale, mtu mwenye mali asiyekaa na wenzake alikuwa mtu wa kutiliwa shaka.

Sitaki kuremba. Kile kibanda kilinuka jasho, kulikuwa na wavulana tu, na kuna hela za ada zilizoishia mle. Ila ninajua wapi Sigrun alipigwa kwa haki zaidi: pale, mbele ya benchi la mashahidi, au chumbani kwangu Tabata ambako angeweza kuanguka na hakuna hata mende angepiga makofi.

Na bado hiyo orodha yangu ya peke yangu siwezi kuifuta, kwa sababu ambayo Sony hawakuikusudia. Kila trofi ina tarehe na saa. Nimeweka daftari la kumbukumbu mara nyingi maishani nikaliacha Januari hiyo hiyo, lakini trofi zimeandikwa bila kuniuliza. Naweza kuona juma nililougua malaria, siku tano tupu. Naweza kuona mwezi niliohama. Na kuna moja ya shaba, ya Agosti 2019, saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Tulimzika baba Matema siku ya Jumanne, nikarudi Dar Alhamisi, na usiku wa Alhamisi sikulala. Ni trofi ya kipuuzi, ya kutembelea mahali fulani ndani ya ile ile God of War, mtu na mwanawe ndani ya mtumbwi. Sikumbuki kuipata kabisa. Usiku wote ule umefutika kichwani isipokuwa huo mstari mmoja. Ting, saa tisa na dakika kumi na mbili, ulikuwa hai, ulikuwa unapiga kasia.

Mpwa wangu hana mstari kama huo. Mwisho wa mwaka ule mwenye kibanda alifunga, akahamia Mbeya, akaondoka na mashine. Platinamu ya gemu ile, nikumbushe, watengenezaji waliipa jina la Baba na Mwana. Baba wa huyu kijana aliondoka akiwa chekechea, hatujui aliko. Sitaki kuikamua habari hiyo, ila nilipoiona kwenye ile picha ya simu niliitazama muda mrefu kidogo.

Nikampigia mwenye kibanda mwaka jana. Nilitaka kujua kama akaunti bado ipo, maana jina la akaunti siku hizi linaweza kubadilishwa, na nilikuwa tayari kuinunua. Alishangaa. "Kaka, trofi? Zile vibao vibao? Mi nilidhani matangazo." Mashine aliiuza Mwanjelwa, na kabla ya kuiuza alifuta kila kitu kilichokuwemo, kama alivyoshauriwa na mnunuzi. Intaneti hakuwahi kuiunganisha hata siku moja, kwa hiyo huko Sony nako hakuna kilichowahi kufika. Akaniuliza hali ya Matema, na kama kijana yule bado anaamka mapema. Nikamwambia anaamka, yuko kwa fundi wa injini za boti, wiki ya kwanza amefungua na kufunga kabureta moja mpaka fundi akamnyang'anya. Akacheka sana. "Huyo ndiye," akasema.

Nilipompa kijana habari za mashine alikaa kimya, nikasikia nyundo ya fundi upande wa pili wa simu. Kisha akauliza Sigrun wa kwangu vipi. Nikamwambia yupo, mzima wa afya. Akasema basi Desemba nije na PS, atanionyesha, na nimtengenezee akaunti yake kwanza kabla hatujawasha kitu kingine chochote.

Dada ameruhusu. LUKU nitanunua mimi.